Saa Sita za Kwenda Dundori

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kwenye benchi la veranda ya kliniki, kopo lenye kifuniko mkononi, ukingoja jina lako liitwe, basi nimekuandikia wewe. Mimi pia nilikalia benchi hilo. Nililikalia mpaka nikajua ni msumari upi umetokeza na utachana gauni la nani. Sitakueleza kifua kikuu ni nini wala kinaingiaje mwilini, kwa sababu sijui, na walionieleza walizidi kunichanganya. Nitakueleza nilivyokaa nacho, kilivyonitenga na mtoto wangu, na jinsi nilivyokwenda kumchukua kwa miguu siku moja kwa sababu ya neno nililolisikia vizuri na kulielewa vibaya. Mambo yaliisha salama. Nakuambia mapema ili usome ukiwa umetulia.

Wakati huo, katika miaka ya hamsini, tuliishi Lanet, katika nyumba za wafanyakazi wa reli tulizoziita landi. Kila familia ilikuwa na chumba kimoja, mlango ukitazamana na mlango, na kila mtu alijua jirani amepika nini. Mume wangu, Simiyu, alikuwa katika genge la kunyoosha na kukaza reli. Mama yake alitutangulia kufika huku kutoka kwetu magharibi. Alichuma maua ya pareto katika shamba la mzungu mmoja kule juu Dundori, na nasikia hata mnyapara alikuwa akimwogopa. Wote walimwita Mama Simiyu. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, tuliyempa jina la Nafula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha.

Siku ugonjwa ulipojitokeza nilikuwa nimeketi mlangoni nikipukuchua mahindi, ungo mapajani. Kikohozi nilikuwa nacho kwa miezi miwili, na kila siku nilikitafutia sababu: leo vumbi la treni, kesho baridi ya asubuhi. Basi nikakohoa, na yale mahindi meupe yakaingia damu. Haikuwa nyingi. Nilichofanya kwanza, na mpaka leo nacheka nikikumbuka, ni kuziokota punje zenye damu moja moja ili Simiyu asije akazila. Nilipomaliza kuziokota ndipo nikaogopa.

Habari ilifika Dundori kabla mimi sijafika hospitali. Siku ya pili mama mkwe akashuka na lori la maziwa. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya mlango, shuka ya kubebea mtoto iko begani tayari.

"Nipe mtoto," akasema.

"Mama, karibu ukae kwanza."

"Sikai. Nipe mtoto na nguo yake. Kikombe yake wacha hapo."

Nafula alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alienda kwa bibi yake akicheka, kwa sababu alidhani anapelekwa kutembea tu. Mama mkwe akamfunga mgongoni, akakaza fundo, ndipo akanitazama.

"Sikunyang'anyi mtoto wako," akasema. "Lakini hii kikohozi ilichukua dada yangu, na ikachukua mtoto wake pia. Mimi niliwazika. Siku ya kumchukua, kuja na miguu yako. Mlima yote, kutoka hapa mpaka kwangu. Hapo nitajua kifua imepona. Ukiletwa na lori, nitajua bado."

Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu nawe huenda unamchukia mtu sasa hivi, na pengine ni yule yule anayekusaidia. Nilimchukia kwa kusimama mlangoni, kwa kile kikombe alichokiacha, na zaidi kwa sababu tangu siku hiyo aliacha kuniita Mama Nafula. Akimtuma mtu, alikuwa akiuliza, "Yule mgonjwa anaendeleaje?"

Nililazwa Nakuru kwa miezi mitatu ya kiangazi, katika wodi ya kando iliyokuwa na madirisha makubwa yasiyofungwa. Kila asubuhi sindano moja. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimehesabu punje tisini za mahindi nikazitia katika kopo la majani ya chai, na kila nikidungwa nilihamisha punje moja kwenda katika mfuko wa kitambaa. Jirani yangu wa kitanda, mama mmoja wa Njoro aitwaye Tabitha, alinicheka siku ya kwanza. Wiki ya pili akaniomba nimwagizie zake kutoka nyumbani. Sindano zile zilituuma makalio mpaka tukawa tunakaa upande mmoja mmoja, yeye wa kushoto na mimi wa kulia, na tukitaka kuongea tulitazamana vizuri sana kwa ajili hiyo.

Mwili ulibadilika kwa namna ambazo hakuna aliyeniambia. Pete ya ndoa ilianza kuteleza, nikaifunga kwa uzi. Masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, na nikigeuka haraka ukuta uligeuka nami. Vidonge vilikuwa vikubwa hata nikakata tamaa kuvitazama. Tabitha alinifundisha kuvimeza na uji wa moto kiasi, macho yamefumbwa, na kutozungumza mpaka vifike chini. Ukinikuta na neno moja tu la uganga, ni hilo.

Kuna kosa moja nataka usilirudie. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilete mate, nilileta mate. Nilitema mate safi ya mdomoni, meupe, kopo nusu, nikajivunia. Elijah, dresa wetu, yule msaidizi wa daktari, alichungulia akasema, "Mama, hii ni ya kulowesha stempu. Mimi nataka makohozi. Toa kitu ya chini." Huku kwetu bara tulisema mate kwa kila kitu kinachotoka kinywani, na nadhani nusu ya watu wa wodi ile walipimwa mate yao mazuri wakaambiwa hawana kitu. Basi ukiulizwa, toa kitu cha chini.

Punje ya tisini ilihama siku ambayo mawingu ya masika yalikuwa yamekaa juu ya Menengai. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya kumeza mwaka mzima na zaidi, na amri nyingi: nisibebe ndoo, nisilime, nisipande mlima. Mlima ndio niliouona kila asubuhi nikifungua mlango. Dundori iko pale juu, na siku ya anga safi niliona moshi wa majiko yao.

Nyuma ya landi kulikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka minne. Simiyu akachimba mashimo, mimi nikatia zile punje tisini. Sikuziinamia kulima, nilitia tu. Zikaota karibu zote.

Simiyu aliteseka mwaka ule kuliko alivyokubali kusema. Alifua nguo zangu bombani mbele ya wanawake wa landi, nao wakamwita Mama Simiyu mdogo. Alilala chini kwenye gunia. Alirudi kutoka kazini na mikono iliyopasuka, akakoroga ugali, akanichemshia maji ya kuoga. Jioni moja nililalamika kwamba maji yamepoa, naye akaweka ile sufuria chini taratibu, akasema, "Nekesa, mimi nimechoka," akatoka nje. Nilidhani amekwenda moja kwa moja. Baada ya muda alirudi na kuni. Hatukuizungumzia tena siku ile, ila nami sikulalamika tena juu ya maji.

Jumapili za mapumziko alipanda kwa mama yake kumwona mtoto, akaniletea habari. Ameota magego. Anajua kuita kuku. Anaimba. Nilizikusanya habari hizo na kumfanya azirudie mpaka akachoka. Siku moja nikamwuliza, "Na yeye anamwita nani mama?" Simiyu akainama kufungua kamba za viatu, na viatu vile havikuwa na kamba.

Mahindi yakakomaa, tukavuna, nikaweka mbegu. Kiangazi kikapita, mvua ikarudi, tukapanda tena. Nikanenepa. Pete ikaanza kubana, nikakata uzi. Mlio wa masikio ukapungua hata nikawa nausikia tu treni ikishapita na kila kitu kikinyamaza. Mwezi wa nane mahindi yalikuwa yameshika maziwa, na mimi nikaenda kliniki ya mwisho wa vidonge.

Daktari alikuwa mzungu mzee, mwema, mwenye vidole vya baridi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba, kinachotembea bila viungo. Kwa kawaida Elijah alisimama kando akitusaidia pande zote mbili, lakini asubuhi ile alikuwa chumba cha sindano. Daktari akaniweka masikio yake ya mpira kifuani na mgongoni, akasoma karatasi, akatabasamu.

"Mzuri," akasema. "Sasa wewe tembea. Saa sita. Polepole. Kama hapana kohoa damu, kuja hapa tena, mimi andika wewe kwisha pona."

"Saa sita, Bwana Daktari?"

"Saa sita," akasema, akanionyesha vidole sita.

Nilitoka nikifikiria. Saa sita ni adhuhuri, kila mtu anajua. Lakini ni daktari gani atamtuma mgonjwa wa kifua akatembee jua likiwa utosini? Basi hakusema wakati, alisema muda: nitembee kwa saa sita, nusu siku nzima. Na nilijua nitatembea kwenda wapi. Mtu mzima kutoka landi mpaka kwa mama mkwe hutembea saa tatu. Mtu kama mimi, polepole, atatembea sita. Nikaona kama yule mzee amenipimia njia yenyewe.

Nilimwambia Simiyu. Akaniambia ningoje Jumapili tufuatane. Nikajua Jumapili atanihurumia njiani, atasimamisha lori la maziwa, na mama mkwe atalisikia likiunguruma kabla hajaniona. Jumamosi alipoondoka na genge lake alfajiri, nilivunja mahindi sita mabichi nikayachemsha, nikayatia kwenye kikapu pamoja na kopo langu, nikamwachia jirani ujumbe, nikaenda. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Ilikuwa saa kumi na mbili.

Sikiliza sasa, kwa sababu pengine wewe pia umekaa ndani muda mrefu. Nilisahau kwamba dunia ina harufu nyingi hivyo. Nilipita upande wa kambi ya askari, nikaingia njia ya ng'ombe kati ya mashamba ya ngano, na umande ukanilowesha mpaka magotini, nami nikafurahi kama mtu aliyepewa kitu. Nilitembea kidogo, nikakaa kidogo. Ng'ombe walinitazama. Wanawake wawili waliobeba maziwa wakanipita, wakarudi kuniuliza kama nimepotea. Nikawaambia sijapotea, ninatembea tu, wakatazamana.

Njia ilianza kupanda, halafu ikashuka ghafla kwenye bonde la mto. Ule si mto mkubwa. Maji yake ni ya baridi sana, yanatoka juu msituni, na watu huvuka kwa magogo mawili yaliyofungwa pamoja. Kuyaona magogo tu, ukuta wangu wa zamani wa wodini ukageuka, kizunguzungu kikanishika. Masikio yale, nadhani, yalikuwa bado hayajasahau. Nikaamua kupita majini, viatu mkononi, maji ya kifundo cha mguu na matope ya kutosha. Ng'ambo nikakaa juu ya jiwe. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimemaliza saa tatu.

Hapo ndipo nilipomwona mtu akishuka mteremko akishikilia baiskeli isiyo na breki, visigino vikikwaruza chini. Alikuwa Elijah. Kwao ni Dundori, na alikuwa anateremka kwenda zamu.

"Mama Nafula! Wewe unafanya nini huku?"

"Natembea," nikamwambia. "Nimeambiwa nitembee saa sita. Hii ni ya tatu."

Akailaza baiskeli kwenye majani. "Nani amekuambia?"

"Daktari mwenyewe. Wewe ulikuwa na sindano."

"Alisema namna gani? Sema vile alisema."

Nikasema vile alivyosema, pamoja na vidole. Elijah akajishika kichwa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanitazama uso, akaacha.

"Mama, mzungu akisema saa sita anaangalia ile saa ya mkono wake. Yeye anasoma sita, sisi tunasoma kumi na mbili. Alitaka utembee jioni, jua ikishapoa. Uzunguke landi mara moja, urudi nyumbani unywe chai."

Nakwambia, mpaka dakika ile miguu yangu ilikuwa mizima. Aliposema hivyo nikaanza kuikanda palepale juu ya jiwe. Nilikuwa nimetembea nusu ya safari kwa ruhusa ambayo sikupewa. Nikafikiria damu. Nikafikiria wodi, na madirisha, na punje nyingine tisini.

"Rudi," Elijah akasema. "Nitakusindikiza."

"Kurudi ni saa ngapi kwangu?"

"Kama ulivyokuja. Tatu."

"Na kwenda mbele?"

"Tatu. Lakini mbele ni kupanda!"

"Na nyuma ni bila mtoto," nikasema.

Elijah alijua habari ya mtoto, wodi nzima iliijua. Alitazama maji. Kisha akanishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, akaniambia nikohoe, akachungulia kopo. Akachomoa ufito kwenye ua la ng'ombe, akaukata ncha kwa kisu, akanipa.

"Hatua mia moja, unakaa. Mia moja tena, unakaa. Ukiona nyekundu kwa kopo, lala hapohapo chini ya mti ungoje mtu apite. Usijifanye mwanamume." Akainua baiskeli. "Na mimi sikukuona."

Nilipanda mlima ule kwa mia mia. Mara nyingine mia ilifika haraka, mara nyingine nilidanganya, nikakaa kwenye sabini. Nilikula hindi moja. Nilipogeuka niliona Nakuru yote, mabati yaking'aa, na ziwa lenye ukingo wa waridi wa ndege wake, na reli, na mahali fulani juu ya reli ile mume wangu akipiga nyundo bila kujua mkewe yuko wapi. Niliona furaha iliyonishangaza. Sikuwa nimefika, sikuwa na uhakika wa kufika, na hata hivyo nilikuwa na furaha.

Karibu na kilele kikohozi kikanishika. Kilikuwa kile cha zamani, cha kuinamisha mtu. Nikakohoa ndani ya kopo, nikalifunga upesi bila kutazama, nikakaa nalo mapajani kwa muda mrefu. Nilijua nikifungua nitajua. Nilimwomba Mungu, na sikumwomba kwa maneno mazuri, nilimwambia tu, tafadhali. Nikafungua. Yalikuwa meupe. Nikalia kidogo, nikajifuta kwa leso, nikahesabu mia nyingine.

Mashamba ya pareto yalikuwa yamechanua, meupe mpaka mwisho wa macho. Wachumaji walikuwa kwenye mstari wa kupimisha vikapu, kwa sababu Jumamosi kazi ilikwisha adhuhuri. Nilipofika kwenye lango la shamba, mtu akagonga kile kipande cha reli walichokitundika mtini badala ya kengele. Ilikuwa saa sita.

Mama mkwe aliniona kutoka kwenye mstari. Akaweka kikapu chini, akaja, mikono kiunoni.

"Umekuja na nini?"

"Na miguu, Mama."

"Lori imekuacha wapi?"

"Hakuna lori."

Akatazama barabara, kisha akatazama miguu yangu. Akainama, mwanamke yule mzito mwenye magoti mabovu, akagusa kifundo cha mguu wangu kwa kidole. Matope yalikuwa yamekaukia pale, meusi, na juu yake vumbi jekundu la mlima.

"Hii ni matope ya mto," akasema, kama anayejisemea. Akasimama. "Kohoa."

Nikakohoa mbele ya wachumaji wote. Akachukua kopo kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa mtu aliyekataa kugusa kizingiti changu, akalifungua, akatazama, akalifunga. Kisha akaita, "Nafula! Njoo!"

Alitoka nyuma ya chanja za kuanikia maua, mrefu, miguu mirefu ya baba yake, na gauni nisilolijua. Nilikuwa nimemwacha akijikwaa kila hatua tatu, na sasa alikuja mbio. Akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake, akanichungulia kwa jicho moja.

"Salimia mama yako," mama mkwe akasema.

Nafula alinitazama kwa makini, kuanzia miguu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Huyu si mama yangu," akasema. "Mama yangu ni mgonjwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikujua nilie au nicheke. Iliniuma, sitakuficha, iliniuma kuliko sindano zote. Na papo hapo nilielewa kwamba mtoto yule, ambaye hakuwa na sababu ya kunipendeza, alikuwa amenitazama vizuri mwili mzima na hakumwona mgonjwa.

"Alikuwa," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa na kitu nisichowahi kukisikia. "Alikuwa mgonjwa."

Nafula akalifikiria hilo. Nikatoa hindi kwenye kikapu, nikamnyooshea. Akalichukua, akaanza kula akiwa bado nyuma ya sketi, lakini sasa kwa macho mawili.

Nyumbani kwake mama mkwe alinitengenezea chai ya maziwa. Kulikuwa na vikombe viwili, cha Nafula na chake. Akamimina katika chake, akanywa kidogo kuonja sukari, akanisogezea kile kile. "Kunywa, Mama Nafula," akasema. "Umetembea." Hakusema samahani, wala mimi sikuingoja. Nilikuwa nimekwisha kuelewa alichokuwa akiogopa, na kwamba mtoto wangu yuko hai, mnene, kwa sababu ya mwanamke aliyekubali kuchukiwa. Nikanywa yote.

Simiyu alifika Jumapili akihema, amekimbia nusu ya njia, amejitayarisha kunigombeza. Alitukuta mlangoni Nafula akinionyesha jinsi ya kuita kuku. Akasahau ugomvi. Tulishuka sote watatu mchana ule, taratibu, baba akimbeba mtoto. Mtoni Nafula akataka nimvushe mimi. Nikambeba kwenye maji tu, hatua ishirini, na zilinitosha.

Kliniki iliyofuata nilikwenda na Nafula. Daktari akanisikiliza kifua, mbele na nyuma. "Wewe tembea saa sita?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana Daktari. Saa sita kamili."

Dirishani Elijah akapatwa na kikohozi cha ghafla. Daktari akaandika kwenye kadi yangu, akanipa mkono, na hajajua mpaka leo, kama yu hai. Wewe usinifuate katika hilo. Ukiambiwa saa sita, uliza ni saa ya nani, na kama mkalimani yuko chumba kingine, mngoje.

Nilipotoka, benchi lilikuwa limejaa kama siku zote. Msichana mmoja mwembamba, kopo mkononi, pete yake imefungwa uzi, akasogea kutupa nafasi. Alimwona Nafula, akajaribu kutabasamu.

"Mtoto mzuri. Na kwenu mgonjwa ni nani?"

Nafula akanyoosha kidole kwangu.

"Alikuwa huyu," akasema. "Alikuwa."